Mbegu za Nyuma ya Kiwanda cha Barafu

Kila siku nikitoka shule nilipitia kitaluni kwa shangazi yangu kabla ya kwenda nyumbani. Hakuna aliyenituma. Baba, ambaye kazi yake ni kuchomelea mageti na madirisha, alisema nakwenda huko kwa sababu dada yake ndiye mtu pekee mjini anayeweza kunisikiliza saa nzima bila kuniambia ninyamaze. Nyumbani waliniita Cherehani, kwa kuwa nikishaanza kuongea uzi haukatiki. Shangazi hakuwahi kuninyamazisha. Alinipa keni ya kumwagilia, nami nikaongea huku nikimwagilia kuanzia kitanda cha kwanza mpaka cha sita. Ilinichukua miaka miwili kutambua kwamba alikuwa amejipatia kibarua wa bure.

Kitalu kilikuwa nyuma ya ofisi ya mji. Kulikuwa na vitanda sita vya miche chini ya wavu mweusi wa kivuli, pipa la maji, lundo la mboji na kibanda cha mabati chenye meza moja na dirisha moja. Shangazi alitengeneza vibao vya kutambulisha miche kwa kukata madumu yaliyopasuka, kisha akaandika kwa ncha ya msumari, maana wino wa kalamu ulipauka mwezi haujaisha. Alijua kila mche ulikotoka. Ungemwonyesha jani moja tu, tena lililokauka, angekuambia ni la mti gani na kama mti wenyewe ulikuwa na kiu. Mimi nilimwona kama mtu anayesoma barua ambazo sisi wengine hatujui hata kama ni barua.

Lakini kitu nilichokitamani kuliko vyote kilikuwa daftari lake. Lilikaa mezani, jalada gumu, limefungwa kwa mpira. Humo aliandika kila kazi iliyofanyika kitaluni, na kila mstari uliishia kwa neno moja kati ya mawili: "Nimeona" au "Nimeambiwa". Kama alipanda mwenyewe, aliandika nimeona. Kama mlinzi alimweleza asubuhi kwamba mvua ilinyesha usiku, aliandika, "Mvua usiku. Nimeambiwa." Hata kama nje kulikuwa na madimbwi.

"Shangazi, si unaona maji hayo?" nilimuuliza siku moja.

"Naona madimbwi," alijibu. "Mvua sikuiona. Huenda mlinzi aliacha bomba wazi."

Mlinzi, aliyekuwa anakunywa chai mlangoni, alinuna mpaka jioni.

Nilikuwa darasa la sita mwaka huo, na shule yetu ilikuwa na tatizo moja kubwa: mchanga. Madarasa yalijengwa karibu na ufuo, nyuma ya tuta refu. Zamani tuta hilo lilikuwa limefunikwa na mimea inayotambaa, na mchanga ulitulia. Halafu watu wakaja na mikokoteni kuchota mchanga wa kujengea, mimea ikang'olewa, na tuta likabaki uchi. Kila msimu wa upepo mchanga ulimwagika kupitia madirishani. Asubuhi moja mimi na wenzangu tulizoa ndoo kumi na moja kutoka chumba cha pili peke yake. Watoto wa darasa la kwanza walipata macho mekundu, na kisima cha shule kilikuwa kimejaa mchanga hadi nusu.

Mwalimu mkuu alikuja kitaluni kuomba msaada. Shangazi alimsikiliza, akajipangusa mikono.

"Mchanga unashikwa na mmea uliouzoea mchanga," alisema. "Nikikupandia maua ya bustani pale, baada ya wiki mbili utakuwa na maua ya kuzikwa. Nipe muda nitafute ule wa zamani."

"Tuta lile linataka miche mingapi?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Isipungue hamsini. Na iwe imeshika kabla ya upepo kuanza."

Jumamosi iliyofuata tulitembea ufuo mzima, mimi na yeye. Tulikuta chupa, kamba na viatu visivyo na wenzake. Mmea hatukuuona mpaka tulipofika nyuma ya kiwanda cha barafu, penye kipande cha mchanga kisichozidi ukubwa wa darasa. Hapo palikuwa na kijani. Mashina marefu yalikuwa yamesambaa kila upande, yakipishana na kusukana, na maua ya rangi ya zambarau yamechanua juu yake. Nilifurahi kama niliyeokota hazina. Majani mengine yalikuwa yamegawanyika nchani kama kwato za mbuzi. Mengine yalitoka matatu matatu kwenye kikonyo kimoja.

"Nimeujua," nilisema. "Ni mmea mmoja wenye majani ya aina mbili."

"Umeona au umedhani?"

Nilifunga mdomo, jambo lililotokea mara chache sana.

Shangazi alipiga magoti, akashika shina moja karibu na jani la kwato, akaanza kulifuata kwa vidole. Hakulivuta wala hakuliinua. Alitambaa nalo, likipita chini ya jingine, likizama mchangani, likiibuka tena, mpaka akafika kwenye mzizi. Majani yote ya shina lile yalikuwa ya kwato, na ua lake lilikuwa na umbo la tarumbeta. Kisha akanirudisha mwanzo, akaniwekea vidole kwenye shina lenye majani matatu matatu. "Sasa fuata wewe." Nilifuata kwa dakika kumi, nikipotea na kurudi, magoti yakiniwasha kwa mchanga wa moto. Nilipofika kwenye mzizi nilikuwa nimejua bila kuambiwa na mtu. Ilikuwa mimea miwili tofauti, imelala pamoja kama watoto kwenye kitanda kimoja.

Ule wa majani matatu ulinivutia zaidi. Shangazi alinionyesha ua lake. Ua la kunde au la maharage, alisema, lina petali moja kubwa inayosimama juu. Hili lilikuwa limepinduka, petali kubwa iko chini. Kisha akanionyesha maganda, marefu kama kiganja chake, mazito, yenye mbavu pembeni. Ndani mlikuwa na mbegu za kahawia zenye madoa, ngumu kama kokoto.

"Ni wa ukoo wa maharage," alisema. "Lakini usithubutu kutia mdomoni. Undugu si ruhusa ya kula. Jina lake silijui."

"Shangazi, wewe hulijui?"

"Silijui. Mbona unatoa macho? Nitakwenda kuuliza."

Akaandika katika karatasi yake, "Mmea wa kiwanda cha barafu, namba mbili, haujajulikana," kisha akakata tawi lenye jani, ua na ganda, akalilaza katikati ya magazeti. Nilimstahi sana kwa lile neno "silijui". Mwalimu wetu mmoja angekufa kabla ya kulitamka.

Wakati huo akaja mtu mwenye kofia ya ujenzi, msimamizi wa pale. Alituambia kwa upole kwamba Jumatatu greda lingepita, maana kiwanda kilikuwa kinajenga ukuta mpya na eneo lote lile litawekwa zege. Shangazi alitazama kile kipande cha kijani. Hakuwa mtu wa kulalamika, lakini niliona amekunja uso.

"Basi tulicho nacho ni hiki tutakachobeba leo," alisema.

Ule wa kwato haukuwa na mbegu hata moja. Wa majani matatu ulikuwa na maganda machache yaliyokomaa, tukapata mbegu ishirini na nne. Hazikutosha. Shangazi akaniambia tupekue mchanga chini ya majani, huenda maganda ya zamani yalipasuka na kumwaga mbegu. Tuliinama hapo asubuhi nzima, tukaokota nyingine thelathini na sita. Alizitia kwenye kopo la pili, mbali na zile za kwanza, kwa sababu hakujua zilikaa mchangani muda gani. Tulikata pia vipande vya shina, lakini jua la wiki ile liliviua vyote. Jumatatu greda likapita. Mbegu sitini ndizo zilizobaki za mmea ule katika ufuo wetu wote.

Siku ya pili yake shangazi alisafiri kwenda mji mkuu, kwenye jumba wanakohifadhi mimea iliyokaushwa, ili apate jina. Angekaa siku tatu. Kabla ya kuondoka alinikalisha mezani na kunipa tupa ya kusugulia chuma aliyoiazima kwa baba.

"Gamba la mbegu hii halipitishi maji," alisema. "Ndiyo maana inaweza kuelea baharini bila kuoza. Ukiipanda hivihivi itakaa tu. Sugua upande huu, mbali na kovu lake, pale iliposhikana na ganda, taratibu, mpaka uone weupe. Ukiona weupe acha, usimjeruhi aliye ndani. Kisha loweka usiku mmoja, upande. Fanya hivyo kwa zote sitini."

"Zote mimi?"

"Wewe. Na utaandika."

Akasukuma daftari mbele yangu. Nilitamani baba angekuwepo aone.

Siku ya kwanza nilianza na kopo la mbegu zilizotoka kwenye maganda. Kazi ile haikuwa ya mchezo. Mbegu inateleza, tupa inakukwaruza ukucha, na weupe hauonekani mpaka mkono ufe ganzi. Ilipofika ya ishirini na nne kidole changu gumba kilikuwa na lengelenge. Wakati huo rafiki yangu tuliyemwita Mrefu, kwa sababu alikuwa mfupi, akapiga mluzi nje ya wavu. Mechi ya mpira wa pete na shule jirani ilikuwa inaanza na walipungukiwa mchezaji.

Nilitazama kopo la pili, thelathini na sita. Nikajiambia kwamba gamba ni gamba tu, maji ya usiku kucha yatalilainisha. Nikamimina zote kwenye bakuli mbili za maji, nikakimbilia mpira. Tulishinda, tena nilifunga mara nne.

Kesho yake nilikuta mbegu za bakuli la kwanza zimevimba karibu maradufu, laini, zimepauka. Za bakuli la pili zilikuwa zinaelea juu ya maji, ndogo vilevile, zinang'aa kama zilivyokuja. Niliziona vizuri sana. Kama kuna saa ambayo ningeweza kurekebisha bila mtu kujua, ni ile. Lakini kidole kiliuma, kengele ya shule ilikuwa karibu, nikajidanganya kwamba zitavimbia udongoni. Nilizipanda zote kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya udongo, kila kimoja mbegu moja, safu mbili na nusu za kopo la kwanza, na safu zilizobaki za kopo la pili. Nikafungua daftari, nikaandika kwa mwandiko wangu bora kabisa: "Mbegu 60 zimesuguliwa, zimelowekwa, zimepandwa. Nimeona." Nikatia sahihi yenye mkia.

Shangazi alirudi na uso unaong'aa. Katika jumba lile, alisimulia, mtaalamu mmoja alifungua makabati kadhaa, akatoa karatasi iliyobandikwa mmea uleule, uliochumwa na mtu miaka sitini iliyopita. Waliweka jani kwa jani, ua kwa ua, ganda kwa ganda. Jina lake la kitaalamu ni Canavalia rosea. "Ameniomba nimwandikie jinsi mbegu zitakavyoota," aliongeza. "Vitalu vingine vitatu vya ufukweni vinauliza swali hilohilo. Nitawapa hesabu ya Cherehani." Nilicheka, lakini kicheko hakikufika tumboni.

Siku ya sita viriba vya mwanzo vilipasuka udongo. Mbegu ishirini na tatu kati ya ishirini na nne ziliota, miche minene yenye shingo zilizopinda, inainua mbegu zake juu kama inayotoka usingizini. Shangazi alizihesabu mara mbili kwa furaha. Upande wa pili udongo ulikuwa kimya. Wiki ikapita, na nyingine. Kila siku nilivimwagilia viriba vile bila kuongea, na mlinzi akauliza kama naumwa.

Siku ya ishirini shangazi alikata shauri. Nilimkuta mezani na kalamu mkononi, ameanza barua kwa yule mtaalamu.

"Zile tulizookota mchangani zimekufa," alisema. "Jua limeziua, au umri. Tumezifanyia kilekile tulichozifanyia zile za maganda na hazikuota hata moja, kwa hiyo tofauti ni mchanga. Nawaandikia wenzetu wasipoteze muda kuokota chini. Wewe vunja viriba vile, umwage kwenye lundo la taka, nahitaji nafasi." Akasogeza daftari kando. "Na kesho nitamwambia mwalimu mkuu kwamba nimeshindwa. Miche ishirini na tatu haishiki tuta lile. Unisamehe, mwanangu. Nilikuinamisha juani asubuhi nzima bure."

Nilitoka nje. Nilichana kiriba cha kwanza, nikapekua udongo kwa kidole. Mbegu ikaangukia kiganjani, kavu, inang'aa, na madoa yake yote. Haikuwa imekufa. Ilikuwa inangoja mtu aifungulie. Nami nilikuwa nimetumwa kuitupa, pamoja na nyingine thelathini na tano, na watu wa vitalu vitatu nisiowajua walikuwa karibu kuambiwa waziache za kwao mchangani. Shangazi alikuwa ananiomba mimi msamaha. Hilo ndilo lililonishinda. Nilihisi aibu mpaka masikio yakawaka.

Nilirudi ndani, nikaiweka ile mbegu juu ya barua yake.

"Shangazi, hazikufa."

"Umejuaje?"

"Sikuzisugua."

Alifunika kalamu. "Zipi?"

"Zote za kopo la pili. Nilikwenda kucheza mpira."

"Na ukaandika zimesuguliwa."

"Ndiyo."

"Na ukaandika nimeona."

Niliitikia kwa kichwa. Afadhali angenigombeza. Yeye aliigeuza ile mbegu kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama pande zote, na jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba macho yake yalianza kuchangamka.

"Umevunja viriba vingapi?"

"Kimoja."

"Lete vilivyobaki. Taratibu, usitikise. Halafu kimbia kwa baba yako, mwombe tupa."

Baba alikuwa ameinamia geti, miwani myeusi usoni. Aliuliza tupa ni ya nini tena. Nilimweleza yote hapohapo, cheche zikiruka, kwa sababu nilijua nikichelewa ningepata maneno ya kulipamba kosa langu. Aliivua miwani, akanitazama, akanipa tupa iliyo mpya zaidi. "Hii inakata vizuri," alisema tu.

Tulizitoa zote. Mbili zilikuwa zimeliwa na wadudu. Zilibaki thelathini na nne, nzima. Shangazi alivuta kiti akakaa kando yangu, lakini hakugusa hata moja. Nilisugua mchana ule na mchana wa pili yake, lengelenge likapasuka, likatoka jingine. Mrefu alikuja akapiga mluzi. Nilimwambia aingie ashike hesabu, akaingia, akakaa na kopo. Nilipoloweka na kurudi asubuhi, mbegu thelathini na tatu zilikuwa zimevimba na kuzama. Nilizipanda huku shangazi amesimama nyuma yangu.

Kisha akafungua daftari kwenye mstari wangu. Niliomba nichane ukurasa ule.

"Daftari hili halichanwi," alisema. "Wala hakifutwi kitu. Piga mstari mmoja juu ya maneno, yasomeke. Chini yake andika kilichotokea."

Niliandika: "Si kweli. Nilisugua 24 tu. 36 sikuzisugua, nilikwenda mpirani. Zimesuguliwa sasa 34." Kila mtu atakayefungua daftari lile angesoma. Nilimwambia hivyo, na machozi yakanitoka.

Shangazi hakunibembeleza. Alikwenda kwenye rafu, akateremsha daftari la zamani sana, jalada limeliwa na mende, akalifungua bila kutafuta sana. Ukurasa ulikuwa na mwandiko wa msichana, wenye sahihi yenye mkia mrefu kuliko wa kwangu. "Miche 200 imemwagiliwa maji. Nimeona." Juu yake mstari mmoja. Chini yake: "Si kweli. Nilikwenda harusini siku mbili. Imekufa kwa kiu."

"Hii ni ya nani?" niliuliza, ingawa niliutambua mwandiko.

"Ya mwanamke mmoja mwenye umri wa miaka kumi na tisa, siku zake za mwanzo kazini," alisema. "Mkuu wangu alisoma kwamba imemwagiliwa maji, kwa hiyo akaona haiwezi kuwa kiu. Akasema ni ugonjwa. Ili usienee, aling'oa kitalu kizima akakichoma moto. Miche elfu tatu, mizima kabisa. Nilisimama nikatazama moshi. Nilimwambia kesho yake."

Alilifunga lile daftari kwa uangalifu.

"Wewe umenikuta kabla ya moto," alisema. "Mimi nilichelewa siku moja. Tangu hapo ndiyo naandika nimeona na nimeambiwa. Si ujuaji, Cherehani. Ni hofu ya moshi ule."

Sikuwahi kumpenda shangazi yangu kama dakika ile. Siku zote nilidhani alizaliwa mkweli, kama wengine wanavyozaliwa warefu. Kumbe alikuwa mtu aliyewahi kuanguka palepale nilipoanguka mimi, akaamka, akajitengenezea njia ya kutoanguka tena.

Siku ya tano miche ilitoka. Ilipokamilika tulihesabu thelathini na moja. Pamoja na ile ya mwanzo ilikuwa hamsini na minne. Shangazi alichana barua yake, akaandika nyingine, na humo akaeleza kwamba mbegu zilizookotwa mchangani zinaota vizuri kama za kwenye maganda, mradi zisuguliwe. Akaeleza pia jinsi tulivyojua hivyo, bila kuficha. Aliniuliza kama nina pingamizi. Nilisema sina.

Tuliipandikiza miche kwenye tuta mwanzoni mwa miezi ya mvua, darasa letu lote, kila mmoja na shimo lake. Mwalimu mkuu aliweka uzio wa matawi ili watu wasikanyage. Miche mitatu ilikufa, mmoja ulikanyagwa na mbwa, iliyobaki ikaanza kutambaa. Kila ilipogusa mchanga, kifundo cha shina kilitoa mizizi na kushika, kisha shina likasonga mbele. Kila Ijumaa nilikwenda kupima urefu kwa kamba ya baba. Ua la kwanza lilipofunguka, limepinduka vilevile kama lile la nyuma ya kiwanda, mtoto wa darasa la kwanza aliniuliza kama ni kunde. Nilimwambia apige magoti, ashike shina, alifuate mwenyewe.

Siku upepo ulipoanza, ulianza tangu alfajiri. Mabati yalipiga kelele na milango ikajibamiza. Tulikimbilia chumba cha pili na mafagio na ndoo zote za shule, kama mwaka uliopita. Tukazoa pale chini ya madirisha. Ndoo ya kwanza ilifika nusu, tukatazamana, tukatafuta mchanga mwingine wa kuzoa hatukuupata. Mwalimu mkuu alipita mlangoni, akatazama sakafu, akasema tu, "Haya, fungueni vitabu."

Jioni nilimkuta shangazi kitaluni, anakata dumu. Nilimweleza kwa mkupuo mmoja, bila kupumua. Alinisukumia daftari. Tangu siku ile ya tupa hakuwahi kulificha, na hilo lilikuwa limenishangaza muda mrefu, kwa hiyo nikamuuliza.

"Shangazi, kwa nini uliniachia daftari? Nilikudanganya humo humo."

"Kwa sababu asiyekosea kabisa sijakutana naye, nimetafuta," alisema, akipuliza vumbi la plastiki. "Kazi ya mikono unaweza kuirudia, umeona mwenyewe. Mbegu ilikungoja siku ishirini. Lakini neno la uongo likishaandikwa, watu wazuri wanalitegemea na kufanya makosa kwa bidii. Ukikosea, sema mapema, ungali na kiriba mkononi. Nilitaka mtu wa daftari ambaye nina hakika atakuja kuniambia. Sasa ninaye."

Nilifungua ukurasa mpya. Nikaandika: "Upepo mkali tangu alfajiri. Chumba cha pili, mchanga nusu ndoo. Mwaka jana ndoo kumi na moja. Nimeona."

Shangazi alisoma juu ya bega langu.

"Nusu ndoo kamili?"

Nilifikiri. "Nusu ndoo na kiganja kimoja."

"Basi andika na kiganja."

Nikaandika na kiganja.